Mgeni Bado Analala Kwetu

Mama,

Nakuandikia kwa Kiswahili. Ungependa nikuandikie kwa lugha ya nyumbani, najua, lakini barua hii nitaisoma kwa sauti pale mtoni, na arap Koros, mzee wa ng'ambo, lazima aisikie yote, asije akadai kwamba tulimsengenya. Halafu Kiswahili ndicho ulichokuwa ukimtukania kila asubuhi tangu nikiwa mtoto. Kwa hiyo ukiona nimeharibu neno mahali, jua nimeliharibu kama ulivyokuwa ukiliharibu wewe.

Tangu tukuzike mvua haijapumzika. Viazi vya shamba la chini vimeoza, vya juu vimenusurika. Yule kuku wako mweusi ameamua kutagia ndani ya kapu la kuni, na ukimgusa anakudonoa. Mjukuu wako Nyambura, wajina wako, ameng'oka meno ya mbele na sasa kila akisema neno linatoka na mluzi. Mengine yako kama ulivyoyaacha, isipokuwa jambo moja, na hilo ndilo lililonifanya nitafute karatasi. Wanataka kutuondolea daraja.

Matanga yalikuwa hayajaisha wakati mtu wa ofisi ya barabara alipofika kutoka Nakuru. Alisimama ukingoni na koti lake refu, akaiangalia nusu yetu ya daraja, akaiangalia nusu ya arap Koros kule ng'ambo, akacheka. Akasema daraja la zege limekwisha kule chini kwenye barabara kubwa, la kupitisha malori, na hili letu halina kazi tena. Minyororo itachukuliwa na mbao zitapasuliwa kuni. Nikamwambia lina mwenyewe. Akaniangalia kama mtu anayemhurumia mtoto. "Mwenyewe si alikuwa mama yako? Na sasa mama hayuko." Alisema hivyo amesimama palepale pako, kando ya mpini wa kuinulia daraja, hata kiatu chake kilikuwa kwenye kile kishimo ulichochimba kwa nyayo zako.

Wewe ungemjibu hata kabla hajamaliza kucheka.

Akaongeza jambo jingine, na hili ndilo limenikera kuliko yote. Akasema ni makosa kuliita daraja hilo letu, kwa sababu lilijengwa na yule Mzungu, Bwana wa mashine ya mbao. Eti ndivyo wanavyojua ofisini. Kwa hiyo, Mama, nalisimulia upya hapa, mbele yako. Unaijua habari hii kuliko mimi, lakini nataka isemwe, na nataka isemwe nawe ukiwa unasikia. Nikikosea mahali, arap Koros atanirekebisha, na hilo unajua hatashindwa.

Mto wetu ulikuwa ukila madaraja. Kila masika maji yalipotoka milima ya Mau yaliteremka na miti mizima, mizizi juu, na gogo moja likikwama kwenye nguzo, basi asubuhi hakuna daraja. Wazee walijenga wakachoka. Sisi wa Mashineni tukabaki na duka na mashine ya mbao, watu wa Chemagoi wakabaki na soko na zahanati na maziwa, na katikati maji. Ndipo Baba, aliyekuwa mpasuaji wa mbao, alipokutana na arap Koros kwenye mnada wa ng'ombe, wakaanza kubishana kuhusu mto badala ya kununua ng'ombe. Waliporudi walikuwa wamekata kauli. Daraja lisiwe na nguzo hata moja majini. Liwe nusu mbili, kila nusu imefungwa kwenye ukingo wake kama mlango uliolazwa, na minyororo ya kuiinua. Magogo yakija, kila mtu anainua nusu yake, mto unapita na uchafu wake, kisha kila mtu anashusha.

Minyororo ilikuwa ya magari ya ng'ombe, ile iliyokuwa ikiota kutu nyuma ya ghala la mashine. Huo ndio mchango wa Bwana. Aliitoa kwa sababu hakujua imekwenda wapi.

Halafu wakapima. Hapo ndipo penyewe. Baba alirusha kamba ya katani yenye jiwe, akaivuta, akaikunja nusu kwa nusu, akaenda kukata mbao za nusu yake. Arap Koros hakutaka kupimiwa mto na mtu wa ng'ambo. Akarusha ukanda wake wa ngozi ya ng'ombe, naye akaukunja, akaenda nao nyumbani, akaulaza karibu na moto, na asubuhi akakata mbao zake kwa kuufuata. Siku ya kushusha watu walivaa nguo za kanisani. Nusu yetu ikashuka. Nusu yao ikashuka. Zikatazamana bila kugusana. Katikati palibaki pengo la kupitisha mbuzi aliyeshiba.

Baba alisema ngozi ikilowa inarefuka na ikikaukia motoni inajikunja, kila mtu anajua. Arap Koros alisema katani ndiyo ikinywa maji inakuwa fupi, kwa hiyo Baba ndiye aliyekata fupi. Walibishana mpaka wachungaji wa pande zote mbili wakaondoka na Biblia zao. Mpaka leo hakuna anayejua ni nusu ya nani iliyopungua. Ingekuwa rahisi kupima tena. Hakuna aliyetaka.

Wakaweka ubao. Ubao mmoja wa mwerezi, mpana, wa kulaza juu ya pengo asubuhi na kuondoa jioni, usije ukachukuliwa na maji. Lakini ubao ukae kwa nani? Ukikaa kwetu, sisi ndio wenye daraja. Ukikaa kwao, ni wao. Hapo ndipo wewe, Mama, uliyekuwa umekuja kuangalia tu na mimi mgongoni, uliposema ulale wiki moja huku na wiki moja kule, na ulale ndani ya nyumba, si nje na mbuzi. Watu wakauita Mgeni. Kila Jumapili baada ya ibada Mgeni akavuka. Akienda kwao alikwenda na kapu la viazi, akija kwetu alikuja na kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando. Nimekulia nyumba moja na ubao. Nilipokuwa mdogo nilidhani kila nyumba ina ubao unaopakwa mafuta ya kondoo na kufunikwa blanketi wakati wa baridi.

Bwana wa mashine alipoona hayo aliwaambia, "Mimi nitaleta misumari, piga ubao hapo, maneno kwisha." Ni mara moja tu katika maisha yenu wewe na arap Koros mlikubaliana kitu bila kugombana kwanza. Mlikataa pamoja. Ubao ukipigwa misumari, mtu anaweza kuamka, akavuka na kurudi, asimwone wala kumsalimu mtu wa upande wa pili. Mlimwambia aipigilie mashine yake hiyo misumari.

Hilo ndilo daraja, na ndivyo lilivyojengwa. Ofisini waandike wanavyotaka.

Baba alipoangukiwa na mti nilikuwa bado sijaanza shule. Kitu kimoja cha siku zile nakikumbuka waziwazi, nacho ni asubuhi ya kesho yake baada ya maziko. Wanawake walikuwa wamejaa nyumbani, wanakupikia, wanakuambia ulale. Ukaamka ukafunga kitambaa, ukaenda mtoni, ukashika mpini ambao mikono yako ilikuwa haijawahi kuushika. Nusu yetu ikashuka ikitetemeka. Arap Koros alikuwa upande wa pili, kofia mkononi. Ukamwambia, "Koros, hata leo ngozi yako haijakauka?" Akairudisha kofia kichwani, akajibu, "Mama Wanjiru, wewe leta ubao. Watu wako na njaa." Nyumbani wanawake walikusema, kwamba huna hata machozi. Mimi nilikuwa nimeshika nguo yako na niliyaona.

Jumapili ile Mgeni alikuja na kibuyu, na pamoja na kibuyu ukaja ule ukanda wa ngozi wenyewe, umezungushwa kama nyoka. Arap Koros alisema mpini wa mti utakutoa malengelenge, uuvishe ngozi. Ukauvisha. Ulisema sasa umeshika ushahidi wa kesi yenu mkononi mwako kila siku, na ukitaka unaweza kuufungua uupime. Hukuufungua. Leo ngozi hiyo imekuwa nyeusi na laini, na mahali pa vidole vyako pamebonyea. Vidole vyangu ni vinene kidogo, havikai vizuri.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, serikali ikiwasaka watu wa msituni, na hapo sitaki kusema mengi, maana sote tulikuwepo. Malori yalichukua watu wetu na kuwarudisha rizavu ya Wakikuyu, nyumba kwa nyumba, na Bwana akatubakisha sisi wachache kwa sababu mashine haiwezi kupasua mbao peke yake. Tukapewa vipande vya kujitambulisha, tukaambiwa tusitoke. Na amri ikaja kwamba nusu ya daraja ya upande wa Wakikuyu iinuliwe, ifungwe kufuli, isishuke mpaka serikali iseme. Askari wakaiinua wenyewe. Uliwaangalia wakikosea kuzungusha mpini, na hukuwafundisha.

Asubuhi ya kwanza baada ya kufungwa nilikuambia hakuna haja ya kwenda mtoni. Ukaenda. Nikakufuata nikinung'unika. Na kule ng'ambo arap Koros alikuwa ameshusha nusu yake. Imelala juu ya maji peke yake, haifiki popote, na ncha yake ameilazia Mgeni, kwa sababu wiki ile Mgeni alikuwa kwake. Nyapara wa serikali alipomuuliza ana wazimu gani, alisema, "Amri imesema ya Wakikuyu iinuliwe. Mimi ni Mkikuyu?" Walirudi kusoma amri yao na kweli haikumtaja. Ikawa kila asubuhi ya miaka ile mtu anashusha nusu daraja isiyovusha mtu, na kila jioni anaiinua. Watoto wa Chemagoi walidhani mzee amerukwa na akili. Wewe ulisimama chini ya nusu yetu iliyofungwa na kumpigia kelele kuhusu ngozi, naye akakupigia kelele kwamba Mgeni wenu amekaa sana, anakunywa maziwa na hasaidii kazi.

Nilikuwa nikiona aibu, Mama. Watu wamechukuliwa, wewe unapiga kelele za ngozi. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mlikuwa mnahesabiana. Asubuhi ambayo mmoja wenu angekosa kupiga kelele, mwingine angejua ameondoka.

Hata askari walielewa kwamba kuna kitu, ingawa walielewa vibaya. Wakasema ni maneno ya siri ya msituni. Wakakupeleka kambi ya chifu, wakakuuliza ngozi ni nani, kukauka ni nini, Mgeni ni jenerali wa wapi. Uliwaeleza yote tangu mnada wa ng'ombe, na kadiri ulivyoeleza ndivyo walivyozidi kuamini kwamba unadanganya. Mwishowe wakamleta arap Koros kutoka ng'ambo kwa kumzungusha njia yote ya barabara kubwa, ili athibitishe. Wakamuuliza kama ni kweli kwamba nusu yake ya daraja ilikatwa fupi. Shingo ile ngumu ikasema, "Huyo mama ni mwongo. Ya kwao ndiyo fupi." Ukamrukia pale pale mbele ya afisa. Askari walipowatenganisha wakaona hakuna siri hapo, wakawafukuza nyote wawili. Ulirudi nyumbani sauti imekauka na jicho limevimba, na asubuhi ukaenda mtoni ukapiga kelele kwa sauti ya jogoo mgonjwa. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Siku hiyo aibu yangu iliisha.

Na kapu? Sijasahau kapu. Amri ilikataza watu kuvuka, haikutaja viazi. Arap Koros alirusha kamba kutoka ncha ya nusu yake, safari hii ya katani, na wewe hukuacha kumkumbusha kwamba hatimaye amekubali katani. Kiondo kikaenda na viazi kikarudi na maziwa. Mjukuu wako aliyezaliwa miaka ile, huyu wa mluzi, amekuzwa na maziwa yaliyopita hewani.

Walipotufungulia, kitu cha kwanza kuvuka hakikuwa mtu. Alikuwa Mgeni. Arap Koros alimbeba begani, akasimama kwenye ncha yake huku wewe ukishusha nusu yetu, kutu ikilia kama nguruwe. Akamlaza juu ya pengo, akavuka, akambeba tena mpaka mlangoni kwetu. Ukamwambia amekaa na mgeni wako miaka, sasa ni zamu yako kukaa naye miaka. Akasema sawa. Jumapili iliyofuata ulimrudisha, na kapu la viazi likiwa limejaa kupita kiasi.

Sasa nikuambie ya huku nyuma.

Ulipofariki Mgeni alikuwa wiki ya kwetu. Arap Koros alikuja kukuzika, alishika jembe na vijana. Jumapili nikamtayarisha Mgeni, nikampaka mafuta, nikajaza kapu, nikaenda kumkabidhi. Akakataa. Akasema, "Hii bado ni wiki ya mama yako." Nikafikiri ni huzuni, nikarudi. Jumapili ya pili akakataa tena, na ya tatu. Kila asubuhi nilishusha nusu yetu, yeye akashusha yake, mimi nikaleta ubao, watu wakavuka, na hakuna aliyesema kitu. Alikuwa ananiangalia tu, mikono nyuma. Mama, nilijua anangoja nini. Kila nilipofungua mdomo ilikuja sauti yako badala ya yangu, na nikaufunga. Wewe ulimtukana siku ya pili baada ya kumzika Baba. Mimi nilishindwa wiki baada ya wiki, na daraja likawa linashuka kimya kama jeneza.

Nadhani mtu wa barabara aliusikia ukimya huo. Ndiyo maana alisema halina mwenyewe. Ningeliona daraja linafunguliwa bila watu kugombana, hata mimi ningesema halina.

Leo asubuhi amerudi na lori, misumeno na vijana wa kukata. Nilikuwa sijashusha bado. Akaniambia nisijisumbue, kwamba likiwa juu hivyo ndivyo watakavyokata minyororo kwa urahisi. Wanawake wa soko walikuwa nyuma yangu na magunia na watoto, wote wanangoja. Mama Kamau alikuwa na mwanawe mgonjwa wa kupelekwa zahanati, mtoto anapumua kwa shida. Nikamwonyesha huyo mtoto. Nikamwambia kwa lile daraja la zege, kwa miguu, hata mchana hatujafika. Alikuwa si mtu mbaya sana, nakuambia ukweli. Alimwangalia mtoto, akaangalia viatu vyake, akasema, "Mama, mimi nimetumwa tu. Hii daraja haina mtu."

Kule ng'ambo mnyororo ukalia. Arap Koros alikuwa akishusha nusu yake, taratibu, mzee mwenyewe sasa anasimama kupumzika katikati ya kuzungusha. Ikalala juu ya maji. Akaweka mikono nyuma, akanitazama kama kila siku. Nikaona tena ile nusu inayoishia hewani, na sisi tukiwa tumesimama upande huu tumeinuliwa, safari hii bila kufuli wala askari. Safari hii kufuli lilikuwa mdomo wangu.

Nikashika mpini. Kijana mmoja alitaka kunizuia, Mama Kamau akampa gunia la viazi alishike, akalishika kabla hajafikiri. Nikazungusha. Na sauti iliyotoka ilikuwa yangu, mbaya, ya kukwaruza:

"Arap Koros! Ile ngozi yako imekauka, ama nikuletee kamba ya katani?"

Mto ulikuwa umejaa na bado alisikia. Aliinua kidevu. Akajibu polepole, kama mtu aliyekaa nalo neno hilo kwa muda mrefu.

"Nani huyo anapiga kelele? Mimi nilifikiri huko kwenu watu walikwisha kufa."

Mama, lilinipiga hapa moyoni. Nilitaka kuachia mpini. Nikamjibu:

"Alikufa mmoja, mzee. Wengine tuko."

Akavua kofia. Akajipangusa uso mzima nayo, akaivaa tena, akasema, "Basi leta ubao. Watu wanangoja."

Nikaleta ubao. Mama Kamau akapita wa kwanza na mtoto wake, hakuangalia nyuma, akaenda zake zahanati. Wale wengine walifika katikati na wakakaa. Sikuwaambia. Walikaa tu, na magunia yao, kwenye nusu yetu na kwenye nusu yao, na watu wa Chemagoi waliokuwa wakija huku na maziwa nao wakaona wenzao wamekaa, wakakaa. Mmoja akaanza kumenya viazi. Arap Koros alikuja akaketi juu ya Mgeni mwenyewe, katikati kabisa, miguu yake ikining'inia juu ya maji, akamwita mtu wa barabara aje kumwamulia kesi, kwamba yeye amesoma, atazame aseme nusu ya nani ni fupi. Mtu wa barabara akaja. Aliinama, akapima kwa macho, akafungua mdomo. Watu wa Mashineni wakamkodolea macho upande huu, wa Chemagoi upande ule. Akafunga mdomo. Nadhani hapo alielewa daraja hili ni la nani.

Wameondoka na misumeno yao. Amesema atakuja Jumatatu na askari, na kwamba hilo halimtegemei yeye. Sikuoni ukiogopa askari wa Jumatatu, wewe uliyekula kofi la kambini kwa ajili ya ukanda wa ngozi. Mimi pia leo siogopi.

Siwezi kukuahidi kwamba tutashinda. Huenda wakakata, wana chuma na lori na karatasi zenye mihuri. Lakini hawatalikata likiwa juu limenyamaza. Watalikuta chini, na watu juu yake, na mimi nimeshika mpini na kumtukana mzee wa watu mbele yao. Wakitaka minyororo, wamwondoe kwanza mtu mmoja mmoja, kila mmoja na kapu lake. Na wakishaikata, Mashineni kuna miti na Chemagoi kuna miti. Nimeanza kumfundisha Nyambura kufunga mafundo. Safari nyingine nani atapima na nini, hilo watagombana wao.

Jumamosi jioni nitaisoma barua hii mtoni, kama nilivyosema. Arap Koros atasema nimetia chumvi, hasa pale kwenye kambi ya chifu. Mwache aseme. Jumapili baada ya ibada Mgeni anavuka. Nimempaka mafuta tayari, na mzee amesema sasa atampokea, wiki yako imekwisha. Nilipoisikia hiyo nililia, Mama, nikalia vizuri, kwa mara ya kwanza tangu tukufukie. Kumbe nilikuwa namweka Mgeni kwa ajili yako. Nilikuwa nadhani akivuka bila wewe ndipo utakuwa umeondoka kweli.

Nenda salama, mama yangu. Baba utamkuta bado anadai ni ngozi. Mwambie kesi haijaisha na hatutakubali iishe. Jumatatu alfajiri nitakuwa mpinini. Nimejaribu vidole vyangu kwenye mabonyeo yako tena jioni hii, na bado havikai, kwa hiyo nitabonyeza yangu.

Ni mimi mwanao,
Wanjiru wa darajani